Baba aliyekufa mara mbili: kisa cha mlinzi wa usiku Kasulu

Mwaka 2018 nilikuwa mkalimani na msaidizi wa ofisi kwenye shirika moja la misaada pale Kasulu mjini, mkoa wa Kigoma, na mlinzi wetu wa usiku nusura afukuzwe kazi kwa sababu alikuja kusema amefiwa na baba, wakati kwenye faili lake baba alishakufa miezi saba nyuma. Hiki kisa nimeshakisikia vijiweni kikisimuliwa kama kichekesho cha wazungu wasiojua kitu, na nimeshakisikia kwa watu wa maofisini kama ushahidi kwamba walinzi wote waongo. Zote mbili sizikubali. Ukiniuliza mimi, kosa lilianzia kwa mkalimani, yaani mimi mwenyewe, na nitafika huko.

Wageni wenyewe walikuwa mke na mume kutoka Ulaya. Mke ndiye bosi, mratibu wa lishe kambini Nyarugusu, sote tulimwita Madam. Mume mhandisi wa maji, mtaani walimwita Bwana Bomba na jina lenyewe alilipenda kuliko la kwao. Nyarugusu kwa wasioijua ni kambi ya tangu 1996, walianza Wakongo waliokimbia vita upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, halafu 2015 wakaja Warundi kwa maelfu, ikafurika. Ukitoka Kasulu unapita Makere, vumbi jekundu kiangazi, tope masika, na kambini unaingia kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani na unatakiwa uwe umetoka kabla giza halijaingia. Kwa hiyo maisha ya hawa wageni yalikuwa ni gari, kambi, gari, nyumba. Saa 1 asubuhi Landkruza linaunguruma getini, saa 12 jioni limerudi, watu wamepauka vumbi mpaka kope. Jumapili ndiyo siku ya sokoni na kufua.

Nyumba yao ilikuwa na ukuta, tenki la maji na jenereta lao wenyewe, maana enzi hizo Kigoma nzima haikuwa kwenye gridi ya taifa, tulikuwa tunakula umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO na ukikatika umekatika. Watu wa nje wanadhani mzungu wa misaada anaishi kifalme, na kweli kwa kulinganisha na sisi ni kifalme, ila mimi niliyeingia ndani naweza kukwambia ni upweke mtupu. Jioni wanakaa wawili na kompyuta zao zinazotafuta mtandao, chakula kimepoa, wa kuongea naye ni mpishi anayeondoka saa 1 usiku, na mlinzi. Kwa hiyo mlinzi kwao alikuwa mtu mkubwa kuliko cheo chake.

Kiswahili Madam alisoma wiki chache kabla ya kuja na alijitahidi sana, sitamsema vibaya. Alikuwa anawaamkia shikamoo watoto wadogo wa mtaani na watoto wanaitikia marahaba kwa sauti ya kiutu uzima halafu wanakimbia wanacheka. Siku ya kwanza alimwambia mpishi chakula cha usiku kiwe tayari saa 7, mpishi wa watu akapika mchana, saa 7 kamili mezani wali na samaki, wenye nyumba wako Nyarugusu. Hayo yalikuwa ya kucheka na yeye mwenyewe alicheka. Ndiyo maana sikudhani neno fupi kama baba lingekuja kutuangusha.

Mlinzi alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, Muha wa vijiji vya kule juu, mgambo wa zamani, rungu, filimbi, koti zito na karedio ka betri. Kasulu usiku ni baridi bwana, hasa mwezi wa sita na wa saba, siyo Kigoma mjini kule kwa joto la ziwani. Kila asubuhi kabla ya kukabidhi geti alikuwa anamngoja Madam atoke, anamsalimia kwa kuinama kidogo na kupiga viganja taratibu kama Waha wanavyosalimiana, mwakeye, halafu anamwambia usiku ulivyokuwa. Kwamba paka alipita juu ya bati. Kwamba mvua ilianza saa 9. Taarifa isiyo na maana yoyote kiusalama, lakini Madam aliniambia hiyo ndiyo dakika anayoipenda kuliko zote kwa siku.

Mwezi wa tatu mzee akafiwa na baba yake mzazi. Ofisi ilifanya vizuri sana hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za malipo akifiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au kaka na dada. Akapewa siku zake 4, rambirambi ya ofisi ikatoka, wageni wakaongeza ya mfukoni. Gari la shirika halibebi maiti, masharti ya bima hayo, lakini wakachangia mafuta ya Fuso la kukodi. Fomu ikajazwa. Kwenye kisanduku cha marehemu ni nani kwako, niliandika mimi kwa mkono wangu: baba.

Mwezi wa kumi, alfajiri, mzee kasimama getini hajakaa kwenye kiti chake, redio imezimwa. Madam katoka na kikombe cha kahawa. Mimi nilikuwa nimewahi kwa sababu ya ripoti ya mwezi.

"Madam, nimepata msiba. Nimefiwa na baba."

Akanigeukia, nikatafsiri. Akasema pole, akanyamaza, nikaona anahesabu. Akaniambia nimuulize, baba yake si alifariki mwezi wa tatu? Nikamuuliza.

"Ndiyo, yule alifariki. Huyu naye ni baba."

Na mimi nikatafsiri hivyohivyo, neno kwa neno kama kasuku: anasema yule alifariki, na huyu pia ni baba. Basi. Sikuongeza kitu. Nilikuwa na usingizi, ripoti inanisubiri, na moyoni nilikuwa najua kabisa kwamba anamaanisha baba mdogo, kila mtu aliyelelewa huku anajua, ndiyo maana hata halikunijia kwamba kuna mtu amesimama pale ambaye hajui. Madam uso ukabadilika. Akasema kwa taratibu kwamba atakagua faili kisha atatoa jibu mchana, na mchana jibu likawa hapana.

Sasa kabla hamjamrukia huyo mama, kaeni kwenye kiti chake kidogo. Miezi michache kabla, kwenye ofisi hiyohiyo, alikamatwa mtu na risiti feki za dizeli, wakaguzi wakaja, Madam akahojiwa yeye kama mratibu, na semina ya kuzuia udanganyifu alikuwa ametoka kuifanya wiki mbili tu zilizopita. Na tusidanganyane jamani, waongo wa misiba wapo. Nilishafanya kazi na dereva mmoja aliyemzika bibi yake mara tatu na bibi mwenyewe akaja ofisini siku moja kufuata hela ya matumizi, mzima kabisa, kabeba kuku. Kwa hiyo mbele ya Madam kulikuwa na karatasi inayosema baba amekufa mwezi wa tatu, na mtu anayesema baba amekufa mwezi wa kumi, na mkalimani asiyeonekana kushtuka. Wewe ungefikiri nini?

Upande wa mzee. Aliyefariki ni mdogo wake baba yake, tumbo moja. Kwetu huyo hana jina lingine, ni baba. Ukitaka kufafanua unasema baba mdogo, na kaka wa baba ni baba mkubwa, lakini hilo neno la pili ni la kuelekeza tu, mbele ya msiba hakuna mtu anasimama kupima udogo. Wageni wengi kamusi ya mfukoni inawapa neno mjomba kwa wote, na hapo ndipo mkoroganyo, maana mjomba ni kaka wa mama, ukoo mwingine kabisa, majukumu mengine. Madam baadaye aliniuliza kwa nini basi mzee hakusema mjomba. Kwa sababu angekuwa anasema uongo!

Halafu kulikuwa na kitu kizito zaidi. Huyo marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Baba mzazi wa mlinzi keshatangulia, kwa hiyo mtoto wa kiume mkubwa kwenye hiyo nyumba, wa kupokea wageni, wa kukaa na wazee kupanga kaburi lichimbwe wapi, wa kutupa udongo wa kwanza, wa kusimama kusikiliza wanaodai, alikuwa ni yeye mlinzi wetu. Kumwambia asiende ni sawa na kumwambia jeneza likae njiani. Hakubishana. Alisema asante Madam, akakabidhi funguo za geti, akapanda bodaboda kwa hela yake akaenda. Akakaa siku 5. Aliporudi alikuta barua ya onyo ya kutoroka kazini, na siku 5 zimekatwa kwenye mshahara. Akaisaini, kwa mwandiko wake ule wa kubonyeza kalamu sana, akairudisha kwa mikono miwili.

Hapo nilipata nafasi ya pili ya kusema na sikusema. Nilijiambia maamuzi ni ya mabosi. Nilijiambia nikimtetea nitaonekana tumepanga naye. Na ukweli mwingine ambao siupendi, nilikuwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja unaoisha mwezi wa kumi na mbili.

Kilichofuata ndicho wageni wengi wanakaa nchi hii miaka mitatu bila kukiona, kwa sababu hakina kelele. Hakuna aliyegoma wala kununa. Salamu za asubuhi ziliendelea, mzee anainama, mwakeye, usiku ulikuwa salama, mwisho. Paka hakupita tena juu ya bati. Mpishi akaanza kusema mchicha hakuna sokoni leo, na mimi nimepita sokoni nimeuona umelala mafungu kwa mafungu. Mama wa nyanya aliyezoea kumwongezea Madam mbili tatu juu ya fungu akawa anahesabu kamili, anafunga mfuko, karibu tena. Siku maji ya mtaa yalipotangazwa kukatika siku tatu mtaa mzima ulijaza madumu, nyumba ya mhandisi wa maji haikuambiwa na mtu. Bwana Bomba alioga kwa kikombe. Mume na mke wakawa wanaambiana mbona watu wamekuwa wakimya, labda wamechoka, labda ni msimu wa kilimo, na nikiulizwa mimi najibu labda.

Aliyekuja kulifumbua ni mama mmoja wa Kikongo kule kambini, hata hakuwa anajua kisa chetu. Tulikuwa kwenye hema la lishe, tunapima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, kijani, njano, nyekundu, na mwaka mmoja nyuma mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu na watu hawana uvumilivu. Akafika mtoto na mwanamume. Kadi ya familia inaonyesha baba wa mtoto amefariki, mtoto anamshika yule mwanamume mkono anamwita baba. Madam akasimamisha foleni. Huyu ni nani? Mhamasishaji wa afya, mama wa Kibembe mwenye sauti, akajibu kabla sijafungua mdomo:

"Huyu ni baba yake mudogo, Madam. Ule baba mwenye alimuzaa alikufaka mu vita, kule Fizi. Sasa huyu njo baba."

Na akaendelea kumfundisha palepale, foleni inasubiri, kwamba mtoto wa Kibembe hawezi kuwa yatima kama baba mudogo na baba mukubwa wanapumua, kwamba wazungu wakiandikisha wanauliza baba ni mmoja tu halafu wanashangaa watu wanabadilisha majina ya baba, si kubadilisha, ni kwamba swali lenu dogo. Nimekaa na wakalimani wengi wenye vyeti, sijawahi kusikia aliyeeleza vizuri vile. Alifanya ile kazi niliyokuwa nalipwa mimi.

Kwenye gari Madam hakuongea mpaka tumepita Makere. Halafu akaniuliza, mbele ya dereva, baba mdogo ni nani kwa mlinzi wetu? Nikamwambia. Akauliza, ulijua? Nikasema nilijua. Dereva akaongeza sauti ya redio, Mungu ambariki.

Alitaka kumwita mzee ofisini kesho yake amwombe radhi na amrudishie siku zake. Hapo angalau nilifanya kazi yangu. Nikamwambia ukimwita ofisini atasimama, utakaa, atasema hakuna shida Madam, na itakuwa imekwisha kwako tu. Msiba unafuatwa ulipo. Kama umechelewa unafuata ukiwa umechelewa. Tukanunua sukari, mchele na mafuta ya kula, bahasha ikawekwa noti, Jumamosi tukaenda kijijini, mimi na wao wawili, na hatukutumia gari la ofisi, Bwana Bomba alisisitiza tukodi Noah. Njiani Madam alikuwa anarudiarudia maneno ya kuomba msamaha, ameandika kwenye karatasi.

Hakuyatumia. Tulipofika alichukuliwa na wanawake ndani, akakalishwa mkekani karibu na mjane, Bwana Bomba akapewa benchi nje kwa wanaume. Muda mrefu hakuna aliyeongea. Najua ukimya ule ulimtesa, nikamwona anaanza kufungua karatasi, nikamtikisia kichwa. Mjane akamshika mkono akabaki ameushika tu. Baadaye akamwambia, "Karibu mwanangu, umekuja kumwona baba yako mdogo." Nikatafsiri, na safari hii nilieleza kila kitu: kwamba mlinzi ni mtoto wake, wewe ni wa kwa mtoto wake, kwa hiyo marehemu amekuwa baba yako mdogo na wewe. Madam akalia pale kama watu wengine wanavyolia. Daftari la michango likaletwa, jina likaandikwa, kiasi kikasomwa. Tukala ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Mzee mwenyewe alizunguka na birika la kunawisha mikono, akamnawisha Bwana Bomba, hakuna aliyetaja barua.

Barua ilitolewa kwenye faili Jumatatu na siku zikarudishwa. Hiyo ilikuwa rahisi. Ngumu ilikuwa sera, na hapa sitajifanya kwamba mambo yalinyooka. Kifungu cha 34 hakimtaji baba mdogo. Hakikatazi mwajiri kutoa zaidi, siku 4 ni kima cha chini, lakini mwajiri aliye na wafanyakazi arobaini na bajeti ya mfadhili anayetaka kila siku ielezwe atafanyaje? Bwana Bomba alisema wazi kwenye mitingi, kila mtu hapa ana baba watano na mama sita, tukiwapa wote tunafunga ofisi. Watu walicheka lakini alikuwa sahihi kiasi chake. Mwisho wakakubaliana siku 2 za malipo, mara moja kwa mwaka, kwa ndugu yeyote ambaye mfanyakazi ana jukumu kwenye mazishi yake, zikizidi zinatoka kwenye likizo ya mwaka. Adivansi ya msiba ikaruhusiwa, makato kidogo kidogo kwa miezi mitatu na mfanyakazi anakubali kwa maandishi, maana bila maandishi kukata deni kwenye mshahara ni kosa kisheria. Na fomu ikabadilishwa. Badala ya kisanduku cha marehemu ni nani kwako, ikawa mistari mitatu mitupu: eleza.

Miezi mitatu ya kwanza zilikuja fomu za msiba tano. Nne nilizijua ni za kweli. Ya tano, nina uhakika kabisa yule marehemu alikuwa anacheza bao Jumapili ile. Nikaitafsiri ilivyoandikwa na nikaipeleka, na hadi leo sijui kama nilifanya sawa, ila sikutaka kuwa mimi tena wa kusimama kati ya mtu na msiba wake, hata ukiwa wa kutunga.

Paka alirudi juu ya bati, mchicha nao ukapatikana.

Mkataba wangu waliuongeza, kwa hiyo nilikuwepo mwaka uliofuata siku Madam alipotoka nje asubuhi macho yamevimba. Mzee akamwuliza kulikoni. Akasema kwa Kiswahili chake, shangazi yangu amefariki huko nyumbani, jana usiku nimepata simu. Mzee akavua kofia. Akauliza swali ambalo kwa wao halina kichwa wala miguu: huyo ni dada wa baba au ni wa mama? Akasema wa mama, mkubwa wake.

"Basi siyo shangazi. Umefiwa na mama."

Halafu akamtazama begi la kompyuta begani, na Landkruza linalounguruma getini, na mimi na makabrasha yangu, akanigeukia mimi badala yake, kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwaibisha bosi: "Mwanangu, mwulize, sasa mbona anakwenda kazini?"

Nikamwuliza. Makao makuu wana fomu, akasema. Shangazi, siku sifuri.